Nusu Nyingine ya Jiwe

"Mama, nusu nyingine iko wapi?"

Nilikuwa nimemtuma binti yangu sinia kwenye kabati la chini, akarudi amekumbatia kipande cha jiwe bapa la kuokea piza, ukingo uliovunjika ukimgusa kidevu. Nikamwambia nusu nyingine iko kwa mama mkubwa. Nilidhani yamekwisha. Mtoto naye hakuishia hapo.

"Ilivunjikaje?"

Miaka sita imepita, na swali hilo hakuna aliyewahi kuniuliza. Hata mwenye haki ya kuuliza hakuuliza.

Jiwe lile alinipa dada. Ndivyo alivyo, hatoi zawadi bila kuiwazia wiki nzima. Lilikuwa duara la sentimita 38, unene sentimita moja na nusu, la kodieraiti, madini yaleyale yaliyomo kwenye rafu za tanuri lake la kuchomea vyungu. Alilichagua kwa sababu udongo huo hautanuki sana ukipata moto. Siku aliyonikabidhi alilining'iniza kwa vidole viwili, akaligonga kwa kifundo. Likalia, sauti ndefu na safi.

"Umesikia? Zima hulia. Likiingia ufa, linakuwa bubu."

Akaniachia masharti mawili. Nisilioshe, nilikwangue tu likishapoa. Na nisilibandike juu ya moto uliokwisha kukolea: lianze baridi pamoja na jiko, lipande nalo taratibu, dakika 45 hivi kabla ya kuweka chochote.

Niliyavunja yote mawili kwa mkupuo, tena siku aliyokuja yeye kula.

Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimeona madoa ya jibini iliyoungua, nikaona aibu dada ayakute. Nikalisugua kwa maji ya moto na sabuni, nikalilaza juu ya ubao wa kukatia. Asubuhi nikalipapasa, kavu. Ila jiwe la namna ile hunywa maji. Juu linawahi kukauka, ndani linabaki na yake. Mchana wageni wakafika mapema, mkaa ulikuwa umeshakuwa mwekundu, nikaliweka juu ya wavu na kufunika jiko. Robo saa tu. Nikafunua. Piza ya kwanza ilikuwa tayari juu ya kibao, unga wake umetoka kwenye friji muda huohuo.

Niliisukuma. Nikaona ukingo wa unga ukigusa jiwe, ukatoa ule mvuke wa mwanzo. Ikakaa hivyo sekunde tatu, labda nne. Kisha ukatoka mlio mmoja mkavu: ka! Haukuwa mkubwa. Ulikuwa kama kijiti kinachovunjwa ndani ya kitambaa, nikadhani ni kaa limepasuka. Halafu nikauona mstari, mwembamba kama unywele, umeanzia kushoto, umepotea chini ya piza na kuibukia upande wa pili ukiwa umepinda kidogo. Nyanya za katikati zikatitia. Nusu mbili zikaachana kiasi cha unene wa sarafu, na jibini ikaanza kushuka kwenye ule ufa, uzi mmoja mweupe, umenyooka, unarefuka bila haraka mpaka ukagusa makaa. Moshi ulionipanda usoni ulinuka maziwa yaliyoungua. Nikasimama na kibao mkononi. Nyuma yangu watu walikuwa wanacheka mambo yao, na kicheko cha dada nilikitambua katikati ya vyote.

Leo naweza kueleza kilichotokea. Chini kulikuwa na makaa, juu unga wa friji, na ndani maji yanayotaka kutoka. Maji yakigeuka mvuke hudai nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile yaliyokuwa nayo. Isitoshe, jiwe halipitishi joto upesi kama chuma. Sehemu moja inatanuka huku jirani yake bado, na udongo unaostahimili tanuri la zaidi ya nyuzi 1,000 unashindwa na huko kuvutwa huku na huku. Siku ile sikuyajua hayo. Nilijua tu kwamba niliambiwa.

"Limepasuka lenyewe," nikasema, alipokuja kuangalia.

Hakujibu. Akaingia jikoni kutafuta koleo. Mlango ulikuwa wazi, nikamwona amesimama mbele ya ubao wa kukatia. Pale nilipolilaza jiwe palikuwa na duara la unyevu, jeusi kuliko mbao iliyobaki, kipimo kilekile. Dada akaweka kiganja juu yake. Akakiacha pale kitambo, kama mtu anayempima mtoto homa. Kisha akakigeuza, akakitazama, akajifuta kwenye nguo, akarudi na koleo.

"Mawe hupasuka, mdogo wangu," akasema. "Usilitupe tu."

Piza zilizobaki tulizioka kwenye sinia la bati. Sikumbuki ladha yake.

Jioni jiwe lilipopoa, wengine wameshaondoka, alinikalisha chini na zile nusu mbili. Akapitisha dole gumba kwenye mpasuko kuona kama linamong'onyoka. Halikumong'onyoka, lingekuwa linatoa chenga, alisema, ningelitupa, kwa kuwa chenga huishia kwenye chakula. Akaigonga nusu ya kwanza. Ikalia. Akaigonga ya pili, nayo ikalia, sauti nyembamba zaidi kuliko lile jiwe zima. Akaniambia basi sina jiwe bovu, nina mawe mawili mazima.

Gundi alinikataza katakata. Gundi ya kawaida haihimili moto wa jiko, na moshi wake si wa kukaribisha kwenye chakula. Kama nataka kuoka, nizisogeze zibanane juu ya wavu ulionyooka, kila nusu ikae yote juu ya wavu, pasiwe na upande unaoning'inia, na nijue kwamba jibini itapata njia. Ila kazi aliyoiona inalifaa zaidi ni ya kukinga: nusu moja ilale kati ya makaa na wavu wa juu, nyama ikae usawa wake, moto usiifikie moja kwa moja bali uzunguke chini ya mfuniko. Ndivyo nilivyochoma kuku tangu siku ile. Ngozi haiungui kabla ya mfupa kuiva.

Nusu ndogo aliiomba aondoke nayo. Anaitumia karakanani kulazia vikombe vibichi, maana jiwe linafyonza maji na matako ya vikombe hukauka sawasawa. Kila nikienda kwake naliona liko chini ya kazi yake, linakunywa maji. Tunazungumza mambo yote, hilo hatuligusi. Kuna wakati huwaza kwamba alinisamehe palepale jikoni, mkono ukiwa juu ya ubao. Kuna wakati huwaza kwamba bado anangoja.

"Mama. Ilivunjikaje?"

"Niliiosha," nikasema. "Mama mkubwa alinikataza, nikaiosha."

Sauti yangu ilinishangaza. Binti yangu akaiweka nusu ile mezani, akaigonga kwa kifundo kama alivyoona tukifanya, akasikiliza mpaka mlio ulipokwisha.

"Na mama mkubwa anajua?"

Nikamwambia anajua. Akataka kujua nani alimwambia. Nilichukua sinia, nikaanza kulipangusa, na lilikuwa safi. Dada anakuja Jumapili. Nusu ya jiwe bado iko mezani, sijairudisha kabatini.