Doa jekundu kutoka Binn

Jamani, mgongo! Jumamosi nilipanda na jirani yangu hadi machimbo ya Lengenbach, bonde la Binn, kusini mwa Uswisi. Ni shimo dogo tu ubavuni mwa mlima, msifikirie Mererani. Mwamba wake ni dolomiti nyeupe, ukiugonga unamong'onyoka kama sukari. Wageni huruhusiwa kupekua kifusi kutafuta madini, basi saa tatu nzima nimepiga magoti na nyundo mkononi.

Kwanza piriti, chembechembe za kumetameta. Halafu nikaona doa jekundu kama pilipili: realga! Ni madini ya aseniki, ile sumu, na salfa. Mzee mmoja aliyekuwa akichokoa karibu yangu akasema, "Ifunge upesi, mwanga utaila." Kweli, ikikaa mwangani hugeuka unga wa njano. Nikaitia ndani ya soksi. (Chapati sikuzigusa mpaka nimenawa mara tatu.)

Madini mengine, hutchinsonaiti, yenye metali za thaliamu na risasi pamoja na aseniki, yaligunduliwa machimboni humo humo mwanzoni mwa karne ya 20. Mie sikuambulia. Realga yangu iko ndani ya kopo la kahawa, kabatini, gizani. Mke wangu keshauliza mara mbili kuna nini mle.