Mama wa mukene alikataa picha yake

Nianze na yule mama wa mukene, manake bila yeye hii kamera isingekuwa hapa mezani kwangu.

Nakaa Ggaba, Kampala, kando ya Ziwa Victoria, mwendo mfupi tu kutoka mwaloni, na asubuhi kabla sijapanda taksi ya kwenda kazini mjini huwa napita pale kununua samaki, au siku nyingine hata sinunui, naangalia tu mitumbwi inavoingia. Kuna mama mmoja anauza mukene, wale dagaa wadogo wanaong'aa kama fedha, na yeye ni mtu wa upande wa Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, kama mimi, ndio maana tunaongea Kiswahili wakati pale karibu kila mtu ni Kiluganda. Siku moja mwanga ulikuwa mzuri nikamwomba nimpige picha na simu, akakubali, akajiweka sawa, nikapiga. Nikampa simu aone. Akaiangalia kwa muda mrefu halafu akanirudishia, akasema, "Mwanangu, hii haifanani na mimi. Umenipaka nini usoni?"

Nikaangalia vizuri. Ana kovu kwenye paji la uso, halikuwepo. Mikunjo ya pembeni ya macho, haikuwepo. Na ngozi yake ambayo ni nyeusi kabisa, ile nyeusi ya kung'aa, ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Simu ilikuwa imemlainisha na kumng'arisha yenyewe bila kuniuliza. Nikaenda kwenye setingi nikazima kile kitu cha urembo lakini bado simu ikaendelea kuvuta vivuli juu, uso unakuwa kama umewashiwa taa ya jikoni.

Neno lake lilinikaa kichwani mchana kutwa. Haifanani. Picha kwa Kiluganda ni ekifaananyi, na ukisikiliza vizuri utakuta kufanana kwetu kumo humo ndani, neno ni moja. Yaani picha ni kitu kinachofanana na mtu. Kama haifanani basi umefanya kitu kingine, hujapiga picha.

Na mimi hilo nilishafundishwa zamani, nililiacha tu. Mjomba wangu alikuwa na studio Busia, chumba kimoja na pazia lililochorwa ziwa na bata, watu walikuwa wanakuja kutoka pande zote mbili za mpaka hasa siku za soko. Kamera yake ilikuwa Yashica Mat-124G, ile yenye lenzi mbili moja juu ya nyingine, unaishika tumboni na kuangalia chini kwenye kioo, na kwenye kioo kile kulia inakuwa kushoto, mtu akisogea huku wewe unamuona anaenda kule. Mkanda mmoja ulikuwa picha kumi na mbili tu. Kumi na mbili! Kwa hiyo mjomba alikuwa hapigi hovyo, alikuwa anamzungusha mtu kwenye kiti, anamwinua kidevu, anasubiri. Kazi yangu nilipokuwa mdogo ilikuwa kushika shuka jeupe pembeni ya dirisha ili mwanga urudi kwenye upande wa uso uliokuwa gizani, mikono ilikuwa inaniuma lakini sikushusha. Na kila mteja aliyekuja na shati jeupe au kanzu, mjomba alikuwa anasema maneno yale yale: "Tafuta mwanga wa uso, shati litajijua."

Nyeusi na nyeupe alikuwa anasafisha mwenyewe kwenye chumba cha giza na balbu nyekundu, na nyuso zilikuwa zinatoka na uhai, unaona mpaka jasho. Ila mikanda ya rangi ilikuwa inapelekwa maabara mjini na ikirudi alikuwa anakasirika, shati liko safi kabisa lakini uso umekuwa mkaa. Nimekuja kuelewa ukubwani kwamba haikuwa kosa la mjomba. Kodak kwa miaka mingi walikuwa wanatoa kwa maabara kadi za kupimia rangi zenye picha ya mwanamke mzungu, ziliitwa kadi za Shirley, na mashine zilikuwa zinawekwa sawa kufuata ngozi yake yeye. Sisi wengine tulikuwa tunatokea tutakavyotokea. Na kilichowafanya watengenezaji warekebishe filamu, kwa sehemu kubwa, yalikuwa malalamiko ya kampuni za fanicha na za chokoleti ambao rangi zao za kahawia hazikuwa zinatofautika kwenye matangazo. Nilivosoma hilo niliumia kwa ajili ya mjomba, manake alikuwa anawaomba radhi wateja kwa kitu ambacho hakukifanya yeye.

Baadaye simu zikaja na kamera, watu wakaacha kuja studio, mjomba akafunga, mimi nikaenda kusoma uhasibu na ndio ikawa hivo. Hamu ilinishika mara moja tu katikati, 2019, nilipoenda Uganda Museum kuangalia yale maonyesho ya picha za wakati wa Amin, zilizotoka kwenye negativu kama 70,000 zilizokutwa kwenye kabati la shirika la utangazaji, UBC, nyingi umma ulikuwa haujawahi kuziona. Nilisimama pale nikawa naangalia nyuso za watu wa nyuma, wale ambao hawakuwa wamekusudiwa, nikatamani kamera. Halafu nikarudi kazini hamu ikapita.

Safari hii haikupita. Nikaanza kutafuta kamera ya kweli, na hapo nikatumia miezi karibu minne.

Kwanza kila mtu ataanza kukutajia megapikseli. Achana nazo. Kamera nilizokuwa naziangalia zote, Nikon D3500, Nikon D7200, Sony a6000, zote ziko kwenye 24 hivi, kwa hiyo hapo hakuna cha kuchagua. Mimi nilikuwa nataka vitu vitatu: nyuso za watu wetu kwenye mwanga mdogo wa asubuhi, lenzi nzuri ya bei ninayoiweza, na betri isiyoniachia njiani, manake umeme wetu mnaujua.

Sony ilinivuta sana na nitasema ukweli, ina kitu ambacho Nikon yangu haina: ukichungulia unaona picha jinsi itakavyotoka kabla hujabonyeza, uso ukiwa giza unauona giza hapo hapo. Kwa mtu anayepiga ngozi nyeusi hilo ni jambo kubwa. Lakini betri yake kwa kipimo cha kiwandani ni picha kama 360, wakati D7200 ni 1,110. Hiyo ni tofauti ya kuchaji mara moja kwa siku tatu na kuchaji kila usiku ukiombea umeme usikatike. D3500 ni nyepesi, gramu 365 tu bila betri, na ni rahisi, ila haina mota ya fokasi ndani ya bodi, ile inayozungusha lenzi mpaka picha itulie. Hapa ndipo wanaoanza wengi wanaponaswa na nataka nilieleze vizuri: Nikon wametumia mdomo ule ule wa kufungia lenzi, unaitwa F, tangu 1959, kwa hiyo mitumba ya lenzi iko mingi, lakini zile za zamani zenye herufi D zinategemea mota ya kwenye kamera. Ukiifunga lenzi ya 50mm f/1.8D kwenye D3500 itaingia vizuri, itapiga, ila fokasi utazungusha kwa mkono. Kwenye D7200 inajifokasi yenyewe. Na ile 50mm ya D ndiyo lenzi niliyokuwa naiweza kwa mfuko wangu. Ikikaa kwenye kamera yenye sensa ndogo kama hii (sensa ndiyo inayopokea mwanga badala ya filamu) inaona kama 75mm, ambayo ni saizi nzuri sana kwa uso wa mtu, huhitaji kumsogelea mpaka aone aibu.

Kwa hiyo ikawa D7200 ya mtumba. Ilitoka 2015, ni ya zamani, sawa, lakini uso wa mtu haujabadilika tangu 2015.

Kwenye duka moja mjini nilionyeshwa iliyokuwa inang'aa, nikaambiwa haijapiga hata picha mia. Nikaomba nipige moja niweke kwenye kadi yangu, nikaenda nayo kwenye kompyuta ya rafiki, ndani ya faili kuna hesabu ya shata, yaani kamera imepiga mara ngapi, ambayo muuzaji hawezi kuipangusa kwa kitambaa. Elfu tisini na kitu. Kamera hii shata yake imejaribiwa mpaka 150,000, kwa hiyo elfu tisini siyo kifo, ningeweza hata kuichukua kama angeniambia ukweli na kupunguza bei. Lakini niliambiwa mia. Nikaondoka.

Niliyonunua ilitoka kwa mpiga picha wa harusi aliyekuwa anahamia kamera zisizo na kioo ndani, za aina ya ile Sony, akaniambia mwenyewe imepiga elfu sitini, nikapima ni elfu sitini kweli. Nikapiga anga kwa f/16, yaani tundu la lenzi likiwa dogo, kuangalia vumbi kwenye sensa, nikamulika tochi ndani ya lenzi kutafuta ukungu, manake huku ziwani unyevu ni mwingi na ukungu ukishaingia kwenye lenzi unaota kama nywele nyeupe na kuutoa ni shughuli. Ilikuwa safi. Shilingi za Uganda milioni moja na laki nane, bodi na lenzi. Sasa hivi inalala kwenye kopo lenye kifuniko na vile vipakiti vya kunyonya maji.

Sasa kujifunza. Kamera haijui inaangalia nini, inachojua ni kwamba dunia yote kwa wastani ni rangi ya kijivu. Uso mweusi ukijaza fremu, inadhani kuna giza, inaongeza mwanga, ngozi inapauka. Nyuma kukiwa na maji yanayong'aa, inadhani mwanga umezidi, inapunguza, uso unazama. Kwa hiyo uso ukijaa napunguza mwanga kama 0.7 kwenye kipimo cha kamera, maji yakiwa nyuma naongeza 1 au zaidi, na napima kwenye shavu siyo kwenye shati. Yaani baada ya miaka yote hiyo nimerudi kwenye maneno ya mjomba. Ggaba jua linatokea upande wa ziwa, kwa hiyo nikisimama nchi kavu kila mtu anakuwa kivuli. Nilikuja kugundua natakiwa nishuke mpaka kwenye matope, mgongo wangu uangalie maji, wao ndio waangalie jua. Na ni haraka, huku kwetu ikweta jua linapanda wima, kuanzia kupambazuka mpaka jua kuchomoza ni kama dakika ishirini hivi, na likishapanda kidogo tu tayari linachoma.

Nilimpiga tena yule mama. Nilipeleka kuchapa, picha ya kwanza ikatoka amepauka tena, nikashtuka, kumbe mashine ya studio nayo inajirekebishia yenyewe. Nikamwomba kijana azime hayo marekebisho achape kama ilivyo, akaniangalia kidogo halafu akazima.

Jana nimempelekea. Alifuta mikono kwenye leso kwanza ndio akaishika. Akaweka kidole kwenye kovu la kwenye picha, halafu akagusa lile la kwake. Akamwita jirani yake wa meza ya sangara, "Njoo unione." Wakaangalia wote wawili. Halafu akaniambia anataka nyingine ya kumpelekea mama yake Busia, nije Jumapili kwake atakuwa amevaa gomesi, lile gauni refu la heshima la wanawake wa Uganda.

Nikamuuliza gomesi ni rangi gani. Akasema nyeupe.

Kwa hiyo Jumapili naenda na shuka. Ana mtoto wa miaka tisa, nimeshamwambia ndiye atakayelishika.