Marisau ya kanga: nilivyopata risasi inayofaa kwa masafa ya karibu

Bunduki ninayotumia ni ya marisau, yaani inayorusha chembe nyingi ndogo kwa mpigo mmoja, geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu), mitutu miwili ya ubavu kwa ubavu. Kazi yake ni kanga na kwale kwenye mashamba ya mtama na vichaka vya upande wa Magu na Misungwi, mkoani Mwanza, karibu na Ziwa Victoria. Kanga wa porini, si wa kujifunga. Nachukulia msomaji anamiliki silaha kihalali na ana kibali kinachotaja ndege hao, msimu na eneo. Usiku na tochi, au kupiga ukiwa ndani ya gari, hayo si uwindaji na sheria imeyakataza.

Kanga hukimbia kwanza, kuruka baadaye. Kwa hiyo unampata kati ya mita 20 na 35, na mara nyingi amekugeuzia mgongo. Ana uzito wa kilo moja hadi moja na nusu, manyoya yamebanana, na marisau yakiingia kwa nyuma lazima yapite mgongo na matumbo ndipo yafike kwenye moyo. Marisau madogo ya njiwa, ya milimita 2 hadi 2.3, hayafiki. Ndege anadondoka, anasimama, anatokomea kichakani na kufia huko. Kwa kanga natumia ya milimita 2.8, gramu 32 za marisau kwa risasi moja. Kwale ni mdogo zaidi, anatosheka na ya milimita 2.6, gramu 28 au 30.

Nataja milimita kwa makusudi, maana namba ya kwenye boksi inadanganya. Marisau ya milimita 2.8 Marekani yanaitwa namba 6, Uingereza namba 5. Ukinunua "sita" ya Uingereza unapata ya milimita 2.6. Dukani soma milimita. Kama hazikuandikwa, uliza boksi limetoka nchi gani. Hesabu nayo inabadilika: gramu 32 za milimita 2.8 ni chembe kama 250, za milimita 2.6 zinapita 300 kidogo, za milimita 3.1 hazifiki 200. Kila chembe ikinenepa inapenya zaidi, ila idadi inapungua na mapengo yanaongezeka. Ugomvi wote wa kuchagua risasi uko hapo, na hauamuliwi kwa maneno. Unaamuliwa na karatasi.

Karatasi yangu ni ya kaki, mita 1.2 kwa mita 1.2, imefungwa kwenye fremu ya miti. Napima mita 30 kwa futi kamba, si kwa hatua. Nafanya asubuhi mapema, kabla upepo wa ziwani haujaamka na kuipasua, na mtendaji wa kijiji ana taarifa. Nyuma ya fremu pawe na kingo ya udongo. Usithubutu kuiegemeza kwenye jabali, na huku kwetu majabali yako kila mahali: marisau yakigonga jiwe gumu yanarudi, na yanaweza kurudi kwako.

Piga risasi moja kwa karatasi moja. Halafu, baada ya kupiga, chora duara la kipenyo cha sentimita 76 mahali matundu yalipojaa zaidi. Hesabu. Kwa kanga nataka matundu yasiyopungua 120, na pasiwe na pengo ambalo kiganja kilichokunjuliwa kinaenea bila kugusa tundu. Karatasi nzuri inafanana na mgongo wa kanga mwenyewe, madoa kila mahali. Rudia mara tano kwa kila aina ya risasi, kwa kila mtutu. Karatasi moja haithibitishi kitu. Na tazama katikati ya mkusanyiko iko wapi ukilinganisha na ulipolenga; ikiwa sentimita 20 pembeni kila mara, tatizo liko kwenye kitako cha bunduki au kwenye bega lako, wala usibadilishe risasi.

Mdomo wa mtutu una neno lake pia. Mtutu ulionyooka, usiobanwa mdomoni, hutawanya mapema. Uliobanwa kwa milimita 0.25 hivi unafaa mita 20 hadi 30. Wa milimita 0.5 unafika 35. Uliobanwa milimita nzima, ambao wengi wanausifu, kwa mita 15 unampiga ndege kwa fungu moja na kukuachia manyoya na mifupa iliyosagika. Ndege akiruka miguuni, mwache afike mita 20. Kizibo cha ndani ya risasi, kinachotenganisha baruti na marisau, nacho kinahusika: cha plastiki hushikilia fungu kwa muda, cha nyuzi huliachia mapema.

Karibu na maji, kwenye majaruba na mabwawa, situmii marisau ya madini ya risasi. Bata hula chembe zilizozama tope akidhani ni changarawe, na zinamuua kwa sumu. Ya chuma yanafaa, lakini chuma ni chepesi, hivyo chagua chembe kubwa zaidi kwa saizi mbili, usiyapitishe kwenye mtutu uliobanwa sana, na bunduki kuukuu uiachie fundi aipime kwanza.

Jingine la bunduki kuukuu ni chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu risasi inapokaa. Nyingi zina urefu wa milimita 65. Risasi ya milimita 70 inaingia vizuri kabisa, kwa kuwa ncha yake imekunjwa. Ikilipuka ganda linakunjuka, halina nafasi, na mgandamizo unapanda. Soma maandishi chini ya mtutu. La hatari zaidi ni kuchanganya geji kwenye mfuko mmoja: risasi ya geji 20 hutumbukia ndani ya mtutu wa 12 na kukwama mbele ya chemba. Mtu anaona chemba tupu, anaingiza ya 12, na mtutu unapasuka mkono ukiwa pale pale.

Unyevu wa ziwa huharibu fataki (kiwashio cha baruti) na kutia kutu kitako cha ganda, kwa hiyo nahifadhi kwenye bati lenye mfuniko wa kubana, mbali na jua la kioo cha gari, wala sipaki mafuta risasi zenyewe. Ukibonyeza kifyatulio isilie, elekeza mtutu mahali salama ukae nusu dakika ndipo ufungue. Ikilia kwa mlio hafifu, toa ganda na uchungulie mtutuni kabla ya kupiga tena: kizibo huenda kimebaki ndani.

Kabla ya sufuria, pitisha kidole kifuani na mapajani. Penye tundu kata nyama pana kulizunguka, na fuata unyoya ulioingizwa ndani, kwa sababu chembe huwa imetulia mwishoni mwake.