Soma ukuta kwanza, kamera baadaye

Picha nyingi za majengo chakavu zinazotoka Kampala na Jinja, nchini Uganda, zinafanana. Rangi zimefifishwa, pembe zimetiwa giza, huzuni imemwagwa juu kwa programu ya kuhariri. Mtazamaji anasikitika kidogo, anapita. Sidhani kosa ni la programu. Mpiga picha hakujua ukuta ule unaliwa na nini, umeanza kuliwa lini, na nani anaishi nyuma yake. Ukiyajua hayo matatu, picha hubeba hisia yenyewe.

Kwa hiyo anza kwa kuusoma ukuta kuanzia chini. Pale ambapo msingi hauna kizuizi cha unyevu, au kilikuwepo kikachoka, maji hupanda ndani ya tofali hadi karibu mita moja kutoka ardhini, kisha hukauka na kuacha chumvi. Utaona mstari mlalo: juu yake rangi bado imeshika, chini yake lipu imevimba na kutoa unga mweupe. Doa linaloanzia juu na kushuka lina sababu nyingine, yaani gata iliyoziba au kigae kilichopasuka. Lipu ya chokaa huisha polepole kwa kutoka unga. Lipu ya saruji iliyopigwa juu ya tofali laini la zamani huyafungia maji ndani, halafu siku moja inadondoka bamba zima na tofali jekundu linabaki wazi. Ukuta ukiwa na vyote viwili, unatazama ujenzi wa kwanza na ukarabati uliofanywa haraka baadaye. Mabati huanza kutu kwenye matundu ya misumari na pale karatasi mbili zinapopandana, kwa sababu hapo maji hukaa muda mrefu zaidi. Chini ya baraza za zege, nondo iliyoshika kutu huvimba na kulipasua zege kutoka ndani. Na kama mtini umeota kwenye gata, ndege ndiye aliyeleta mbegu. Mzizi ukishakuwa mnene kama kidole ndani ya ufa, ujue hakuna aliyepanda kusafisha paa hilo kwa miaka.

Jinja ina sababu nyingine ya uchakavu, ambayo haihusiani na maji wala mchwa. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke nchini. Maduka yao, yale yenye jina la familia na mwaka wa ujenzi kwenye paji la jengo (ukuta wa mbele unaopanda juu ya paa), yakaingia mikononi mwa watu wengine, na mengi yakawa chini ya bodi ya serikali ya kusimamia mali za walioondoka. Miaka ya 1990 mali nyingi zikarudishwa kwa wenyewe. Katikati hapo kulikuwa na wapangaji wasiojua mwenye nyumba ni nani kesho. Mtu wa namna hiyo hatengenezi paa. Anapaka rangi upande wa mbele, kwa sababu rangi huleta wateja wiki hiyohiyo.

Hilo linaonekana kwa macho. Sogea hadi sentimita 30 kutoka kwenye mlango wa mbao wa duka la zamani ambao haujawahi kukwanguliwa. Karibu na kitasa, mikono ya watu imeila rangi hadi kwenye mbao, na mahali hapo pameng'aa kwa mafuta ya ngozi. Kuzunguka pale, kingo za rangi iliyobanduka zinaonyesha tabaka moja juu ya jingine. Rangi ya mafuta imepasuka na kujikunja. Rangi ya maji iliyopakwa juu yake haikushika, ikatoka kama ngozi nyembamba. Chini ni alama za mafagio na maji ya kudekia. Juu kabisa, asipofika mtu, rangi ya kwanza bado ipo. Nusu mita ya mlango inatosha kuwa picha nzima, na haihitaji giza la kuongezwa pembeni.

Mwanga wa ikweta una tabia zake, na vitabu vingi vya picha vimeandikwa kwa ajili ya nchi nyingine. Jinja jua hutoka kati ya saa kumi na mbili u nusu na saa moja asubuhi mwaka mzima, na hupanda moja kwa moja juu. Mwanga laini wa pembeni hauzidi saa moja na robo hivi. Ukifika saa tatu umechelewa kwa picha za barabara.

Lakini msiogope mchana. Jua hufika kilele kati ya saa sita u nusu na saa saba, na wakati huo mwanga hushuka ukiusugua ukuta kutoka juu. Mwezi Juni jua liko upande wa kaskazini kwa takriban nyuzi 23 kutoka utosini, hivyo kuta zinazotazama kaskazini ndizo zinazopata mwanga. Desemba ni zamu ya kuta za kusini. Kwa pembe hiyo, kipande cha rangi kilichobinuka sentimita 1 hutupa kivuli cha zaidi ya sentimita 2 chini yake. Katikati ya Aprili na mwishoni mwa Agosti jua liko nyuzi 10 tu kaskazini, na kivuli hichohicho hufika sentimita 5 na zaidi. Kila mkwaruzo unasimama. Shida ni kwamba katika miezi hiyo ukingo wa paa unaotokeza mita moja huziba karibu mita tano u nusu za ukuta chini yake. Ukuta wa baraza hautapata kitu. Paji la jengo, ambalo halina paa juu yake, litapata kila kitu, na mwaka wa ujenzi mara nyingi uko hapohapo. Mwishoni mwa Machi na karibu na tarehe 22 Septemba jua liko utosini kabisa. Mchana wa siku hizo utumie kutafuta ruhusa.

Upande wa kamera sina mengi. Tripodi, ISO 100 (usikivu mdogo kwa mwanga), f/8 (tundu la wastani la lenzi), na kasi ya shata iwe yoyote inayotakiwa, hata nusu sekunde ndani ya chumba. Tumia kipima saa cha sekunde 2 ili kidole kisiitikise kamera. Kamera itazame mbele, bila kuinuka wala kuinama. Ukiiinua kutazama juu, kuta zitaegemeana na jengo litaonekana linaanguka kwa sababu yako. Ili upate paji zima, rudi nyuma au panda ghorofa ya jirani. Chumba chenye giza na dirisha linalowaka hakitoshei kwenye picha moja, kwa hiyo piga tatu zikitofautiana stopu 2 (kila stopu ni mwanga maradufu) na uziunganishe, lakini acha dirisha liwe jeupe. Dirisha lililorudishiwa kila undani hufanya chumba kionekane kimechorwa. Simu nayo inafaa, mradi uipige kwa RAW, yaani faili ghafi lisilochakatwa, na ufunge kipimo cha mwanga kwa kushikilia kidole kwenye skrini.

Kosa linaloharibu picha nyingi za hapa ni la rangi. Udongo mwekundu wa barabarani huakisi mwanga na kuupaka ukuta mweupe wekundu kwa chini. Kamera ikiachiwa ijipimie weupe, huutoa wekundu ule kwa kuongeza samawati, na ukuta wa Jinja unaonekana kama wa nchi ya baridi. Weka kipimo cha weupe kelvini 5,200 hadi 5,500 kwa mkono na usiguse tena mpaka jua liondoke.

Sasa hisia. Msanii Zarina Bhimji alizaliwa Mbarara mwaka 1963, na familia yake ikahamia Uingereza mwaka 1974. Filamu yake Out of Blue, iliyoonyeshwa kwenye maonyesho ya sanaa ya Documenta 11 huko Ujerumani mwaka 2002, ilipigwa Uganda, na mwaka 2007 aliteuliwa kuwania tuzo ya sanaa ya Turner ya Uingereza. Ndani ya filamu hiyo hakuna msimulizi anayekueleza cha kuhisi. Kuta, vyumba vitupu, mandhari na sauti ndivyo vinavyobeba kufukuzwa kule kwa Waasia. Naiona ni kazi muhimu kuliko zote kuhusu kuta zetu, kwa sababu kamera haina haraka, hadi mtazamaji aanze kuuliza maswali. Sarah Waiswa, mpiga picha mzaliwa wa Uganda anayefanya kazi Kenya, alikwenda njia nyingine: mfululizo uliompa tuzo ya Discovery kwenye tamasha la picha la Arles, Ufaransa, mwaka 2016 uliweka mwanamke mwenye ualbino katikati ya Kibera, mtaa wa mabanda wa Nairobi, na jiji lenyewe likawa sura ya mtu asiyepokelewa kwao.

Kinachofundishika hapo ni hiki. Amua hisia iko sehemu gani ya mwili kabla hujafungua kamera. Kubanwa kifua ni dari ya chini, lenzi pana ya milimita 24, na wewe umesimama kwenye kona. Kungoja ni lenzi ya milimita 50, mita nne kutoka mlangoni, mlango ukiwa wazi. Upweke ndio unaokosewa zaidi. Watu hutafuta chumba kitupu kabisa, kumbe chumba kitupu kabisa hakina aliyekosekana. Tafuta kitu kimoja kinachotumika bado: kufuli jipya kwenye mlango uliooza, kalenda ya mwaka huu kwenye ukuta uliovimba, ndoo safi chini ya paa linalovuja.

Hilo linatupeleka kwa wenyeji, maana "magofu" mengi ya Uganda yana watu. Nenda kwanza kwa mwenyekiti wa LC1 (serikali ya kijiji au mtaa), jitambulishe, eleza picha zinakwenda wapi. Kisha mpangaji mwenyewe: "Ssebo (bwana), naomba kupiga picha ya mlango wako, wewe na watoto hamtaonekana mkipenda." Wengi wanakubali wakiulizwa namna hiyo. Picha ya mtu anayetambulika ni taarifa binafsi chini ya sheria ya ulinzi wa data na faragha ya mwaka 2019, kwa hiyo idhini iandikwe. Mali ya reli inahitaji ruhusa ya shirika la reli. Bwawa la Owen Falls hapo Jinja, sasa Nalubaale, lililofunguliwa mwaka 1954, ni zuri sana na linalindwa. Usitoe kamera pale, wala karibu na kambi za jeshi.

Kilembe, mji wa mgodi wa shaba karibu na Kasese, magharibi mwa Uganda, huwavutia wote, na ina sababu. Reli ilifika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba yake, uchimbaji ukafa mwanzoni mwa miaka ya 1980, na Mei 2013 mto Nyamwamba ulifurika ukashusha mawe makubwa hadi kwenye nyumba za wafanyakazi. Pale utaona kutu ya miongo na uharibifu wa siku moja bega kwa bega: kutu ina kingo laini, mafuriko hukata. Watu wanaishi humo, ombeni ruhusa. Mahandaki msiingie, hapo wala kwenye mgodi wowote wa zamani. Mwaka 2007 wachimbaji wa mgodi wa Kitaka, magharibi mwa Uganda, waliambukizwa virusi hatari vya Marburg, na popo waliokuwa humo walikutwa na virusi hivyo. Hakuna picha yenye thamani hiyo. Kwenye majengo ya ghorofa, sakafu ya mbao ijaribuni kwa mguu mmoja na mtembee karibu na kuta, ambako boriti zimeshikiliwa. Mchwa hula ndani na kuacha ngozi ya juu nzima. Paa la asbesto lililovunjika lipigeni picha kutoka nje.

Picha ikishapatikana, karatasi ya kung'aa huiua. Ninachopendekeza ni lubugo, kitambaa cha gome la mti wa mutuba ambacho utengenezaji wake uko kwenye orodha ya urithi wa UNESCO tangu mwaka 2008. Kitandaze na ukibane kwenye fremu, paka gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa sehemu 1 kwa 3 za maji, mara mbili, kikauke kila mara, kisha pitisha msasa laini. Chapa picha kwa printa ya leza ikiwa imegeuzwa kushoto kulia. Paka jeli ya akriliki kwenye kitambaa, laza picha uso chini, ondoa hewa kwa roli, acha saa 24. Lowesha karatasi kwa sponji na uisugue kwa kidole hadi itoke. Wino wa printa ya kawaida huyeyuka, ndiyo maana lazima iwe leza. Maji yakizidi nyuzi za gome huachana na kitambaa huchanika. Tena lubugo ni wa kahawia, kwa hiyo kila kilicho cheupe kwenye picha kitakuwa kahawia. Chagua picha yenye weusi mzito, au tanguliza tabaka jembamba la rangi nyeupe mahali pa mwanga tu.

Kutu yenyewe nayo huchapa. Lowesha amerikani kwa siki na maji nusu kwa nusu, ikaze juu ya bati lenye kutu, ifunike kwa plastiki isikauke, na uifungue baada ya saa 24. Isuuze kwa maji yenye magadi ili asidi ife. Ukiiacha siku nyingi au ukiacha kusuuza, chuma huendelea kula pamba na kitambaa kitatoboka ndani ya fremu.

Nyuma ya kila picha andika kwa penseli mahali, tarehe na saa, upande ukuta unaotazama, lenzi, urefu wa kamera kutoka ardhini, na hatua ngapi kutoka kona ya jengo. Majengo haya yanabomolewa, na atakayetaka kusimama palepale baadaye atahitaji vipimo hivyo. Nakala moja mpelekee mpangaji.