Tulivyofanya mifumo ya maparachichi ielewane

Ukiambiwa dawa ya mifumo isiyoelewana ni kununua mmoja mkubwa na kuwaingiza wote humo, kataa. Sisi tunaosafirisha maparachichi ya Hass kutoka Njombe tulipewa ushauri huo kwa mamilioni, na aliyetushauri hakuuliza kama ushirika wa wakulima ungeacha programu yake, wala kama mwenye malori angetupa ya kwake. Hawakuacha, na walikuwa na haki.

Kila mfumo ulikuwa na "tarehe". Kwa ushirika ni siku ya kuchuma, kwa chumba cha baridi ni siku ya kupokea, kwa lori ni siku ya kupakia. Mnunuzi wa Ulaya anataka kujua tunda lina siku ngapi tangu litoke mtini, nasi tunampa tarehe tatu!

Kulikuwa na majedwali ya Excel ya kulinganisha mifumo miwili miwili. Mifumo mitatu, majedwali matatu. Akiingia wakala wa forodha yanakuwa sita, na mnunuzi naye akiingia yanafika kumi. Mmoja akibadilisha safu yake, unarekebisha kila jedwali linalomhusu.

Nikashikilia tutumie ontolojia ya pamoja: maelewano yanayosomeka na kompyuta kuhusu vitu vilivyopo na uhusiano wake, kila mfumo ukijiunganisha nayo mara moja tu. Msitunge yenu. EPCIS ipo, kiwango cha kurekodi safari ya bidhaa kutoka GS1, shirika la kimataifa la viwango vya biashara, na toleo lake la 2.0 la mwaka 2022 linapokea JSON-LD, namna ya kuandika data pamoja na maana yake. Inaandika matukio: nini, lini, wapi, kwa nini. Hapo "tarehe" tupu ikaondoka, kukabaki kuchuma, kupokea, kufungasha, kupakia. Uzito uandikwe KGM, yaani msimbo wa kimataifa wa kilo, kwa sababu kreti ya shambani si sawa na boksi la kilo 4.

Kazi tamu ilikuwa ya saa. Lori lilionekana limeondoka Makambako kabla mzigo haujapakiwa. Mafundi wakakesha kwenye seva. Mimi nikampigia dereva.

"Kaka, uliondoka saa ngapi?"

"Saa mbili usiku, bosi."

Kwenye simu alikuwa ameandika 02:00. Tukaondoa kabisa sehemu ya kuandika saa, tukaweka kitufe cha "Naondoka sasa", na simu yenyewe inatuma saa ikiwa na +03:00, alama ya saa za Afrika Mashariki. Juu yake tukaweka kanuni ya SHACL, lugha ya kukagua kama data inafuata masharti, kiwango cha 2017 cha W3C, shirika la viwango vya wavuti: kuondoka kukitangulia kupakia, taarifa inakataliwa papo hapo.

Makubaliano yenyewe tuliyapata mezani, karatasi za lori moja zikiwa mbele yetu. Mwiteni mtunza ghala, msiwaachie mafundi peke yao.

Wakala wa forodha alipojiunga alileta namba yake ya HS, mfumo wa forodha wa kuainisha bidhaa, 0804.40 ya maparachichi, tukaiunganisha na bidhaa ile ile yenye GTIN, namba ya GS1 ya kuitambua bidhaa. Mifumo mingine haikuguswa hata mstari mmoja.