Hatimaye Cub imekamilika!

Jamani, ndege yangu ya rimoti imekamilika jioni hii. Ni mfano wa Piper Cub, ile ndege ndogo ya njano, robo ya ile halisi, mabawa mita 2.7 ncha hadi ncha.

Sebule ya Nzuguni haikutosha. Tukaunganishia uani, na upepo wa Dodoma mnaujua.

Kilichonikosha ni kupima mizani, yaani kuona kama haielemei mbele wala nyuma. Mama watoto kidole chini ya bawa moja, mimi jingine, karibu theluthi ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele.
Tukainua.
Mkia ukalala. Nikasogeza betri mbele kidogo tu… pua ikainama kiduchu, ikatulia hapo hapo.
Nilipiga kelele!

Jirani akachungulia ukutani: "Inabeba abiria?"

Kuruka bado. Huku ni mita 1,100 na kitu, hewa nyepesi, nawaza propela kubwa zaidi.

Nani anajua uwanja mpana nje ya mji, mbali na njia za ndege? Tupieni hapa.