Nilivyozunguka Vilima vya Kale vya Kampala kwa Peugeot 404

Kampala ya zamani haikuanzia bondeni, yalipo leo maduka makubwa na vituo vya teksi. Ilianzia juu ya vilima vya upande wa magharibi, na kila kilima kilikuwa na mwenyewe: ngome ya wageni hapa, kanisa pale, kasri la Kabaka, mfalme wa Buganda, kule. Old Kampala, Namirembe, Mengo na Rubaga vimekaribiana kiasi kwamba mtu aliyesimama juu ya kimoja huviona vingine kwa macho yake, na kwa sababu hiyo historia ya Buganda kwa miaka mia na zaidi inaweza kutembelewa kwa siku moja bila kwenda mbali. Shangazi yangu alipokuja kututembelea kutoka Mombasa aliniomba nimwoneshe vilima hivyo. Magoti yake hayamruhusu kutembea sana, wala hapandi bodaboda, kwa hiyo niliamua kumzungusha kwa Peugeot 404 aliyoiacha marehemu baba, gari la miaka ya sitini ambalo bado nalitunza kwa mapenzi.

Nililichagua si kwa ajili ya kumbukumbu peke yake. Peugeot 404 ilitengenezwa Ufaransa kuanzia mwaka 1960, na huku Afrika Mashariki ilijipatia heshima katika mashindano ya magari ya Safari, ambayo miaka hiyo yalipita Kenya, Uganda na Tanzania: ilishinda mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Ni gari lililozoea matope, vumbi na miinuko, na viti vyake ni laini na vipana, jambo ambalo mgeni mwenye umri mkubwa hulithamini kuliko mwendo kasi.

Hata hivyo, gari la umri huo halitolewi tu gerejini likapandishwa mlimani. Nililipeleka kwanza kwa fundi wangu wa Katwe, mtaa ambao Waganda wengi hukimbilia wanapotaka kutengenezewa chochote cha chuma. Aliposikia safari yenyewe alifikiri kidogo, kisha akaniambia, "Ssebo (bwana), gari hili halikatai mlima. Linalolishinda ni foleni." Kauli hiyo ndiyo iliyopanga safari yetu yote. Injini ya zamani inayopanda polepole lakini bila kusimama hupata upepo na maji yake huzunguka vizuri. Ikikwama kwenye msongamano, joto hujikusanya chini ya boneti, petroli huanza kuchemka ndani ya mrija kabla haijafika kwenye kabureta, na gari huzima ingawa tangi limejaa. Tulibadilisha mipira ya rejeta na mkanda wa feni, tukasafisha plagi na platini, tukapunguza petroli kidogo kwenye kabureta kwa sababu Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani. Kazi kubwa zaidi ilikuwa breki. Breki za gari letu zote ni za ngoma, na breki za namna hiyo zikishikwa mfululizo kwenye mteremko mrefu hupata moto na kupoteza nguvu. Fundi alizifungua gurudumu kwa gurudumu, akabadilisha mafuta ya breki, na hakunikabidhi gari mpaka alipolijaribu mwenyewe kwenye mteremko.

Kuchagua siku nako kulitaka hesabu. Ijumaa msikiti wa Old Kampala hujaa watu. Jumamosi ni siku ya harusi, na viwanja vya makanisa makuu hufurika magari yenye maua. Jumapili Namirembe na Rubaga ni za waumini, na si adabu kuwapita watu wanaosali ukiwa na ngurumo ya injini ya kale. Tulikubaliana tutoke Jumanne, baada ya foleni ya asubuhi ya watoto wa shule na wafanyakazi kutulia, na turudi kabla ya foleni ya jioni.

"Mwanangu, litapanda hili?" Shangazi aliniuliza alipokwisha kukaa.

"Litapanda, Shangazi, ila tutalipa nafasi lipumue kila tukifika juu."

Nafasi hiyo ya kupumua iligeuka kuwa faida kubwa kuliko nilivyotazamia. Injini ilihitaji muda wa kupoa kila kileleni, na kila kileleni kulikuwa na mambo yanayohitaji muda huohuo kuyasimulia.

Tulianzia Old Kampala, kilima kifupi chenye mwinuko mkali. Hapo ndipo Kapteni Frederick Lugard wa kampuni ya Waingereza alipopiga kambi mnamo Desemba 1890 na kujenga ngome yake, akiwa anatazamana moja kwa moja na kasri la Kabaka Mwanga kule Mengo. Januari 1892 Waprotestanti na Wakatoliki wa Buganda walipopigana, Lugard aliwapa Waprotestanti bunduki, na bunduki yake ya rashasha aina ya Maxim ilifyatuliwa kutoka kilimani hapo. Ukisimama mahali penyewe ndipo unapotambua jinsi masafa yalivyokuwa mafupi. Leo kileleni upo msikiti mkuu wa Uganda, ambao ujenzi wake ulianza zama za Idi Amin katika miaka ya sabini, ukakwama baada ya kuangushwa kwake mwaka 1979, na hatimaye ukakamilishwa kwa fedha za Libya. Shangazi hakupanda mnara, maana ngazi zake ni nyingi mno, lakini aliswali rakaa mbili na kukaa ndani kwa utulivu mrefu. Nilimweleza kwamba Uislamu ulifika Buganda kabla ya Ukristo, na kwamba mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim alifika katika baraza la Kabaka Suuna mwaka 1844 akitokea njia ya misafara ya pwani. Alifurahi sana kusikia kwamba watu wa pwani walikuwa na nafasi katika habari ya vilima hivi.

Kutoka Old Kampala kwenda Namirembe sharti uteremke Bakuli, na Bakuli ndiko tulikokutana na kile fundi alichokitaja. Teksi na bodaboda zilikuwa zimefunga njia panda, tukasogea hatua kwa hatua, na injini ikaanza kukohoa. Niliegesha pembeni, nikazima, nikafungua boneti, nikaweka kitambaa kilicholowa maji baridi juu ya pampu ya petroli na mrija wake. Mfuniko wa rejeta sikuugusa, kwa sababu maji yaliyochemka yakiruka humchoma mtu vibaya sana. Vijana wa bodaboda walitukusanyikia, si kwa kutucheka bali kwa shauku, na mmoja wao alisimama barabarani akazuia magari tulipokuwa tayari kuondoka. Injini ikaitikia kwa jaribio la kwanza. Namshukuru kijana yule hadi leo.

Mwinuko wa Namirembe niliupanda kwa gia ya pili tangu chini hadi juu. Gia za 404 hubadilishwa kwa mkono uliopo kwenye usukani, na mtu asiye na haraka hupata raha ya pekee kuisikia injini ikivuta kwa sauti ileile bila kupanda wala kushuka. Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo lililopo sasa lilijengwa kati ya 1915 na 1919 kwa matofali mekundu ya kuchoma, na kuba lake huonekana kutoka pande nyingi za jiji. Yaliyolitangulia hayakudumu: mojawapo liliangushwa na dhoruba mwaka 1894, na jingine liliteketezwa na radi mwaka 1910. Nadhani mtu anayejua habari hiyo huyatazama matofali yale kwa heshima nyingine kabisa, kwa kuwa kila safari waumini wa Buganda walianza upya. Katika makaburi ya hapo amezikwa Askofu James Hannington, aliyeuawa Busoga mwaka 1885, na Sir Albert Cook, daktari aliyeanzisha Hospitali ya Mengo mwaka 1897 kwenye kilima hichohicho. Shangazi alikuwa muuguzi kabla ya kustaafu, na kaburi la daktari huyo ndilo lililomgusa kuliko yote. Aliniuliza mengi kuhusu mkewe, Katharine, ambaye alifungua njia ya mafunzo ya wakunga hapa Uganda. Tulipopita mbele ya hospitali aliniomba nipunguze mwendo, akaitazama mpaka ikapotea nyuma yetu.

Kutoka Namirembe hadi Mengo ni mteremko. Nilibaki na gia ya pili, injini ikizuia gari yenyewe, na mguu wangu ukigusa breki kwa vipindi tu. Dereva wa gari la kisasa asiyejua jambo hili hukasirika akiwa nyuma yako, lakini ni afadhali akasirike.

Kasri la Mengo, Lubiri, lilianzishwa na Mwanga mwaka 1885. Mtunzaji aliyetupokea aliongea nasi kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Luganda na akatuongoza kwa subira. Tarehe 24 Mei 1966 majeshi ya serikali ya Milton Obote, yakiongozwa na Idi Amin, yalilishambulia kasri hili; Kabaka Mutesa II, aliyekuwa pia rais wa kwanza wa Uganda, alitoroka, akafika Uingereza kupitia Burundi, na akafia London mwaka 1969. Baadaye Lubiri iligeuzwa kambi ya jeshi, na ghala la silaha la chini ya ardhi lililomo humo likawa mahali pa kuteswa na kuuawa watu zama za Amin. Shangazi hakutaka kuingia, nami sikumsihi. Alibaki mlangoni akiwaombea marehemu, na mtunzaji alivua kofia yake akasubiri amalize.

Sehemu iliyofuata ndiyo niliyoitamani tangu mwanzo. Barabara ya Kabakanjagala inatoka lango la Lubiri hadi Bulange, jengo la bunge la Buganda lililojengwa katika miaka ya hamsini, nayo imenyooka kwa karibu maili moja, ikiwa na miti iliyopandwa kwa heshima ya koo za Buganda. Katikati yake kuna mzunguko ambao hakuna mwingine unaofanana nao nchini: magari yote huzunguka ukingoni, lakini katikati ipo njia iliyofungwa kwa lango, na njia hiyo ni ya Kabaka peke yake, kwa sababu mfalme hazunguki, hupita moja kwa moja. Tulizunguka kama raia wote. Niliendesha taratibu, madirisha yakiwa wazi, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hapakuwa na kilima, foleni wala mteremko wa kunishughulisha. Naamini barabara ile ilikusudiwa kupitwa kwa mwendo huo, ili anayekwenda mbele ya mfalme au mbele ya baraza apate muda wa kupanga maneno yake.

Nje ya Bulange mzee mmoja mwenye kanzu na koti alisimama mbele ya gari, akaweka kiganja juu ya boneti, akatuambia kwamba ujana wake alisafiri kutoka Masaka kwa teksi ya Peugeot kama hii, abiria wakiwa wamebanana na kuku chini ya viti. Nilimwamkia kwa Luganda, naye akanijibu kwa Kiswahili baada ya kusikia Shangazi akizungumza. Walikaa kwenye kivuli wakisimuliana habari za mwaka 1993, ufalme uliporudishwa na Kabaka Ronald Muwenda Mutebi II akatawazwa, na mzee alieleza jinsi watu walivyolia kwa furaha siku ile. Mwongozaji wa watalii asingeweza kutupa simulizi hiyo, nami nina hakika kwamba lililomvuta mzee ni gari.

Rubaga ilikuwa ya mwisho, nayo niliihofia kidogo kwa sababu injini ilikwisha kufanya kazi nyingi na jua lilikuwa kali. Nilingoja Bulange mpaka sindano ya joto iliposhuka, kisha tukapanda bila kusimama. Kilima hicho Mwanga aliwapa wamisionari wa Kikatoliki mwaka 1889, na Kanisa Kuu la Mtakatifu Maria lilijengwa kuanzia 1914 hadi 1925. Ndani yake amezikwa Askofu Mkuu Joseph Kiwanuka, ambaye mwaka 1939 alikuwa miongoni mwa Waafrika weusi wa kwanza wa zama hizi kuwekwa wakfu kuwa maaskofu wa Kanisa Katoliki. Kutoka uwanjani nilimwonesha Shangazi kuba la Namirembe, mnara wa Old Kampala, na mbali zaidi kilima cha Kibuli, kilicho makao ya Waislamu wengine wa Buganda, na hapo akaona kwa mtazamo mmoja jinsi vita vya dini vya karne ya kumi na tisa vilivyoacha kila kundi juu ya kilima chake.

Makaburi ya wafalme ya Kasubi hatukuyajumlisha, na ningemshauri mwingine afanye vivyo hivyo. Jumba lile liliungua Machi 2010, likajengwa upya kwa ufundi wa jadi, na mwaka 2023 UNESCO iliondoa eneo hilo katika orodha ya urithi ulio hatarini. Haifai kulitembelea kwa mwili uliochoka na injini iliyochoka. Tuliteremka Rubaga kwa gia ya pili na kufika nyumbani kabla ya jioni. Nilipokagua gari, magurudumu yalikuwa ya uvuguvugu tu na maji ya rejeta yamepungua kidogo sana. Nikamwambia Shangazi gari liko tayari kwa Kasubi, naye akaniuliza kama itakuwa Jumanne ijayo.